Kifini cha Kupelekea Ukweni

Jumamosi, Vantaa hadi Helsinki

Mpwa wangu ameolewa Tampere, Ufini. Nilipokuwa bado nahangaikia viza alinitumia ujumbe: "Mjomba, mama mkwe hajui Kiingereza. Jitahidi uje na maneno mawili matatu." Kwetu Muheza mjomba haendi ukweni akawa bubu, kwa hiyo mkobani niliweka vitu viwili kabla ya nguo: kijitabu cha misemo ya wasafiri, na kopo la iliki kutoka Amani.

Uwanja wa ndege wa Helsinki hauko Helsinki hasa, uko mji wa jirani wa Vantaa. Kwenda katikati ya mji kuna treni mbili, I na P. Zinazunguka reli moja ya duara iliyofunguliwa mwaka 2015, kila moja upande wake, kwa hiyo yoyote utakayopanda itakufikisha kwa muda wa nusu saa hivi. Tiketi ni ya kanda ABC. Saa yangu ya mkononi sikuigusa: wakati wa kiangazi saa za Ufini na za Afrika Mashariki ni zile zile.

Ndani ya treni nilifungua darasa la kwanza, nalo lilikuwa majina ya vituo kwenye skrini. Tikkurila. Malmi. Käpylä. Pasila. Msomaji wa Kiswahili hapa ana bahati ambayo Mwingereza hana. Kifini husomwa kama kilivyoandikwa, a ni a, e ni e, na r inatetemeshwa kama yetu. Wageni ni watatu tu: ä, ambayo ni a inayosogezwa mbele ya mdomo, ö, na y, ambayo unaipata ukifanya midomo kama unasema u halafu ukatamka i. Kazi iliyobaki ni mkazo. Sisi tunabonyeza silabi ya pili kutoka mwisho, wao ya kwanza, daima. Ukisema "TamPEre" unajulikana umeshuka leo.

Skrini nayo ina ujanja wake. Inasema Helsinki, kisha Helsingfors, na mgeni anadhani ni miji miwili. Ni mmoja, kwa Kifini na kwa Kiswidi, maana lugha rasmi za taifa ni hizo mbili. Tampere pia ni Tammerfors, na Turku ni Åbo.

Jumapili, Helsinki

Kutwa nimesoma milango. "Työnnä" ni sukuma, "vedä" ni vuta. Chooni M ni miehet, wanaume, na N ni naiset, wanawake. Hayo manne yalistahili kuwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu changu, lakini ukurasa wa kwanza unanifundisha namna ya kukodi boti.

Nikapanda ngazi za kanisa kuu jeupe la uwanja wa Senaatintori, kazi ya msanifu Carl Ludvig Engel, lililokamilika mwaka 1852 baada ya yeye kufariki. Ndani kuna sanamu ya Mikael Agricola. Huyu ndiye aliyewatolea Wafini kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa lugha yao, kitabu cha alfabeti, karibu mwaka 1543. Mimi niliyekuwa nikijifunza ä na ö nilimwona kama mwalimu mkuu, nikasimama kidogo.

Jioni haikufika. Saa nne na nusu usiku jua bado liko juu ya mapaa. Habari za swala ya isha katika mwezi wa Juni ni mada ya siku nyingine.

Jumatatu, Kauppatori

Leo ndiyo siku niliyokitupa kijitabu chini ya begi. Sababu yenyewe hii.

Asubuhi nilimsimamisha bwana mmoja nikamuuliza kwa sentensi niliyoifanyia mazoezi tangu Muheza: "Anteeksi, missä on kauppatori?" Samahani, soko la bandarini liko wapi? Ilitoka vizuri, na hapo ndipo shida ilipoanza. Bwana yule alifurahi, akanijibu kwa Kifini safi: kulia, kushoto, taa, tramu, sijui nini. Swali unalolitamka vizuri linakuletea jibu lililotamkwa vizuri vilevile, na jibu halimo kitabuni. Nilishika "kiitos" yangu, asante, nikafuata upande ambao mkono wake ulielekea.

Nikiwa naelekea baharini nikajitungia sheria: nisiulize jambo ambalo jibu lake sitalisikia. Swali zuri la msafiri ni lile linalojibiwa kwa "joo", ndiyo, au "ei", hapana, kwa namba, au kwa kidole. "Missä on vessa?" linafaa, maana anayejua choo kiliko hunyoosha kidole. "Paljonko tämä maksaa?", hii bei gani, linafaa kwa kuwa kinachorudi ni namba, na mashine ya malipo inaionyesha. "Onko tässä sianlihaa?", humu mna nyama ya nguruwe, lilinifaa kuliko yote safari nzima, na jibu lake lina silabi moja.

Upande wa pili wa sheria ni kujua maswali utakayoulizwa wewe. Nilikaa karibu na banda la kahawa nikasikiliza foleni, na foleni ikawa mwalimu. Muuzaji anasema vitu vilevile kwa kila mtu. "Tässä vai mukaan?" unakunywa hapa au unaondoka nayo? "Tuleeko muuta?" na kingine? "Kuitti?" risiti? Unaweza kuishi wiki nzima mjini kwa kujibu "tässä", "ei muuta" na "ei kiitos". Zamu yangu ilipofika nilisema "Yksi kahvi ja korvapuusti, kiitos." Neno la kuombea lililo sawasawa na tafadhali yetu hawana, "kiitos" mwishoni inatosha na wala hawakuoni huna adabu.

Korvapuusti ni mkate mtamu wa kuviringishwa wenye mdalasini. Tafsiri ya jina ni kofi la sikio, sikumuuliza mtu kwa nini. Nilipouma nikasimama. Iliki! Unga wenyewe umekandwa na iliki, ladha ya mahamri yetu ya asubuhi, kwenye baridi la bandari ya Baltiki. Wao wanaiita kardemumma na wanaitia katika mikate yao mitamu yote ya aina hiyo, inayoitwa pulla. Nikakumbuka kopo langu hotelini, moyo ukatulia kidogo kuhusu ukweni.

Mezani pembeni matunda yanauzwa kwa lita, si kwa kilo: muuzaji anajaza kibaba cha mansikka, yaani stroberi, anamimina kwenye mfuko. "Puoli litraa, kiitos." Nusu lita. Namba ndizo za kujifunza kwa bidii. Kitabu kinasema yksi, kaksi, viisi, kuusi, yaani moja, mbili, tano, sita. Mitaani wanasema yks, kaks, viis, kuus, irabu ya mwisho wameiacha nyumbani. Ukisubiri kusikia neno zima utasubiri sana.

Jumanne, Oodi

Mkabala na Bunge kuna maktaba kubwa ya mbao na kioo, Oodi, iliyofunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, mkesha wa sikukuu yao ya uhuru. Maktaba za Helsinki huandaa kielikahvila, mkahawa wa lugha: wageni wanakaa meza moja na mwenyeji anayejitolea, wanaongea Kifini cha kuokoteza. Hakuna ada na hakuna mtihani.

Mwenyeji wetu, mzee mpole, alizunguka meza: "Mistä olet kotoisin?" Unatoka wapi? Kuna jibu la neno moja, "Tansaniasta." Ile "-sta" ya mwisho ndiyo "kutoka". Alivyosikia hivyo mzee akasema "Ahtisaari!" huku akinyoosha kidole kwangu. Martti Ahtisaari, rais wao wa kuanzia 1994 hadi 2000 na mshindi wa Nobeli ya Amani ya mwaka 2008, alikuwa balozi wa Ufini Dar es Salaam miaka ya 1970. Tukabaki tunatabasamu, maana baada ya jina hilo maneno yetu wote wawili yaliisha.

Viambishi hivyo vya mwisho ndivyo vinavyowakimbiza watu. Kifini kina hali kumi na tano za jina. Uko Helsinki: Helsingissä. Umetoka: Helsingistä. Unaenda: Helsinkiin. Tampere nayo inataka vyake: Tampereella, Tampereelta, Tampereelle. Kiswahili hapa kimetulea kwa raha. Nipo sokoni, natoka sokoni, naenda sokoni, "-ni" ni ileile na mzigo anaubeba kitenzi. Lakini wazo la kulibandika neno vipande hadi liwe sentensi tunalo tangu utotoni. Aliyezoea "hatukuwaandikia" hashtuliwi na "talossani", nyumbani mwangu. Mhispania wa meza yetu alishika kichwa.

Pembeni yangu alikaa mama kutoka Kivu, kitenge kizuri, na Ufini imepokea wakimbizi wengi kutoka huko. Aliposikia natamka namba akanigeukia kwa Kiswahili chao: "Usiogope, baba. Luga yao iko nguvu, lakini itakuya." Akanionya jambo moja tu, urefu wa sauti. Tuli ni moto, tuuli ni upepo, tulli ni forodha. "Tapaan sinut" ni nitakutana nawe, "tapan sinut" ni nitakuua. Nikamwambia hata sisi tunazo hizo, kufa na kufaa. Alicheka mpaka mzee akauliza kuna nini, na hakuna kati yetu aliyekuwa na Kifini cha kumweleza.

Jumatano, treni ya Tampere

Kuna mtego mmoja tu leo, lakini ni mkubwa. Mtu akikwambia treni inaondoka "puoli kahdeksan", umesikia puoli, nusu, na kahdeksan, nane. Si saa mbili na nusu asubuhi, wala si nane na nusu ya hesabu yetu. Maana yake ni nusu ya kuelekea nane, yaani saa 7:30 kwa saa ya ukutani, yaani kwa Kiswahili saa moja na nusu. Akili inayohesabu saa kuanzia macheo inabidi iruke viunzi viwili hapo: urudi nyuma nusu saa, kisha utoe sita. Ushauri wangu ni kuacha kusikiliza saa. Ratiba zao zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, soma. Kisha tafuta neno "raide" na namba yake, ndiyo njia ya reli ambako treni yako inasimama.

Nilimuuliza dada mmoja, "Onko tämä Tampereen juna?", hii ndiyo treni ya Tampere? Akavuta pumzi ndani na kusema "joo" kwa hewa inayoingia, kama aliyeshtuka. Nilidhani treni imepata ajali. Kumbe ndivyo wengi wanavyoitikia, hasa akina mama.

Stesheni ya Tampere mpwa wangu na mumewe walikuwa wananingoja. "Shikamoo mjomba," akasema yeye. "Shikamoo mjomba," akasema na mkwe, kijana mrefu, uso umeiva kwa haya. Nikaitikia marahaba mara mbili, nikamjibu kwa salamu ya mji wake niliyoipata kwa yule mzee wa Oodi: "Moro!" Kwingineko ni moi au hei, watu wa Tampere ni moro. Kijana alinipokonya begi nisilibebe tena hadi naondoka.

Alhamisi, Tampere na ziwa

Mji umekaa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi juu na Pyhäjärvi chini, na maji yanashuka mita 18 kupitia maporomoko ya Tammerkoski katikati ya mji. Maji hayo ndiyo yaliyomvuta Mskoti James Finlayson kuanzisha kiwanda chake mwaka 1820, na majengo ya matofali mekundu bado yapo. Sokoni wanajivunia mustamakkara, soseji nyeusi ya damu. Kwa dini yangu hiyo sigusi, nikatumia "ei kiitos" yangu bila hata kuuliza.

Jioni ni sauna. Tampere ina sauna ya umma kongwe kuliko zote zinazotumika Ufini, Rajaportti ya mwaka 1906, lakini mkwe alinipeleka Rauhaniemi, ufukweni mwa Näsijärvi, ambako watu wanaingia pamoja na nguo za kuogelea. Nilishukuru, kwa maana mjomba ana heshima yake ya kulinda.

Ndani ni giza, joto, na watu kimya kwenye ngazi za mbao. Kifini cha sauna ni kifupi mno. Kiuas ni jiko la mawe. Löyly ni mvuke unaopanda maji yakimwagwa juu yake. Aliye karibu na ndoo anauliza "Lisää löylyä?", tuongeze? Kila mtu ana haki ya kujibu. Wote walisema joo. Mimi pia nilisema joo, kwa sababu mkwe ananitazama, kisha masikio yakaanza kuungua na nikashuka ngazi moja, halafu nyingine, halafu ziwani. Maji ya Näsijärvi mwezi wa Juni yanamfundisha mtu irabu ndefu bila mwalimu.

Nilipotoka mzee mmoja alikuwa amekaa nje anafuka mvuke. Nikakaa naye. Hatukusema neno hata moja, na baada ya muda mrefu akasema "No niin", haya basi, akainuka, akaenda zake. Mpwa wangu anasema hayo yalikuwa maongezi, tena mazuri.

Ijumaa, ukweni

Juhannus ni sikukuu ya katikati ya kiangazi, Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe 20 na 26 Juni, na mkesha wake mji unahama. Maduka mengi yanafunga mapema, magari yanajaa kuelekea kwenye mökki, nyumba ndogo za mbao kando ya maziwa. Ya wakwe iko mwendo wa saa moja hivi, msituni. Mlangoni wamesimamisha matawi mawili ya mbetula.

Garini nilimuuliza mpwa wangu nimwiteje mama mkwe wake. "Jina lake tu, mjomba." Jina lake tu! Nimwite mama mwenye mvi kwa jina, siku ya kwanza, nyumbani kwake? Kifini kina "te" ya heshima, ambayo vijana wameshaiacha karibu kabisa, na ndiyo niliyoichagua. Liwe liwalo.

Alitoka na aproni. "Tervetuloa!" Karibu. Nikasema "Kiitos kutsusta", asante kwa mwaliko, halafu "Hauska tavata", nimefurahi kukutana nawe, halafu, kwa ile te yangu, "Mitä teille kuuluu?" Habari zenu? Akanyooka, akamtazama mwanawe, akacheka kidogo.

Sasa, sisi ukituuliza habari tunasema nzuri, hata nyumba ikiwa inaungua. Mfini akiulizwa swali hili na mtu anayemaanisha, anajibu. Mama alisema yu mzima, kisha akagusa goti, "polvi", na kuendelea kwa kirefu. Goti nimelielewa, yaliyofuata sikuyaelewa, lakini uso wa mtu anayeumwa goti ni lugha ya dunia nzima. Nilikuwa na neno moja nililolisikia kwa mpwa wangu akiongea na simu: "Voi voi." Ndiyo pole yao. Nikalisema polepole, na kutikisa kichwa juu. Mama akanishika mkono na kuniingiza ndani.

Kisha nikatoa kopo. Akalifungua, akainamisha pua, na kilichotoka ni neno moja kwa sauti ya juu, "Kardemumma!" Akazipasua mbili tatu kwa kucha, akaninusisha mimi mwenyewe niliyezileta, akamwita mumewe anuse, akamwita jirani. Nilimwonyesha kwenye simu milima ya Usambara inakoota chini ya kivuli cha miti mikubwa. "Tansaniasta," nikasema. "Tansaniasta," akarudia kwa jirani, na jirani kwa mkewe.

Chakula ni viazi vipya na bizari ya majani, samaki wa siki, lohi, yaani samoni, ya kuchoma. Soseji zilipowekwa motoni nikauliza swali langu. "Onko tässä sianlihaa?" Mama akasema joo, akaziondoa mbele yangu, akarudi na sahani nyingine ya samaki. Baada ya kula, mtu hainuki kabla ya kumwambia mpishi "Kiitos ruoasta", asante kwa chakula. Nilimsikia hata mtoto mdogo akilisema.

Saa kumi na mbili jioni bendera ilipandishwa mlingotini, na itabaki juu usiku kucha hadi saa tatu usiku wa kesho. Kisha kokko, moto mkubwa wa kando ya ziwa, ambao huruhusiwa tu kama misitu haijakauka mno. Mbu walifika pamoja na moto. Kila mtu akawa ananisikitikia, "hyttynen, hyttynen", na ninyi mnajua mtu wa Muheza anavyomwangalia mbu asiye na malaria.

Jumamosi, mökki

Mvua. Kahawa. "Sataa," akasema baba mkwe dirishani, inanyesha. "Sataa," nikaitika. Tukanywa kahawa nyingine.

Jumapili, kuondoka

Mama ameamka alfajiri kuoka pulla kwa iliki ya Amani, na amenifungia nyingine za njiani. Treni ya kusini nitashukia Tikkurila, niunganishe na ile ya duara hadi uwanja wa ndege.

Stesheni aliniuliza kitu, nikashika maneno mawili: "milloin", lini, na "takaisin", kurudi. Mpwa wangu alikuwa anataka kutafsiri, nikamzuia kwa mkono.

"Talvella," nikasema. Wakati wa baridi.

Mama akapiga makofi. Mpwa wangu akanivuta pembeni. "Mjomba, hilo neno unajua maana yake?"

"Najua."

"Huku Januari ziwa lile ulilooga watu wanalitoboa kwa msumeno ndipo waingie."

"Basi nitafutie koti," nikamwambia, "na uniulizie kama lazima niingie. Jibu liwe joo au ei."